Kidole Kimoja Kati ya Tabora na Urambo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mzee amekaa kwenye stuli, amekikodolea macho kitreni kilichosimama katikati ya meza, na hafanyi kitu.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Subiri.”

Nikasubiri. Kitreni hakiendi, mzee haongei, saa ya ukutani inagonga tu. Mimi si mtu wa kusubiri, hata mama anajua, ugali wangu huwa naupakua kabla haujaiva vizuri. Zilipopita dakika kama tano nikanyoosha mkono nikisukume kidogo. Si kimekwama?

“Toa kidole!”

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga kabati.

“Treni ya kweli ikifia porini huko,” mzee akasema, sasa kwa upole, “nani huwa anakuja na kidole kuisukuma?”

“Hakuna.”

“Basi na hapa hakuna. Msaidizi wa dereva ameshuka, anatembea kurudi stesheni kuomba kichwa kingine cha treni kije kumvuta. Anatembea dakika kumi. Bado nne.”

Nikaiangalia meza yote. “Mbona simuoni mtu?”

“Yupo. Humuoni kwa sababu una haraka. Unaitwa nani?”

Nikamwambia naitwa Konsolata, nimetokea Urambo, nimekuja kwa lile tangazo la mtunza vifaa. Akasema sawa, na akaendelea kumsubiri mtu wake asiyeonekana. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Naandika haya nikiwa na miaka ishirini na nne, na kazi yenyewe imeshaisha. Mtacheka, mstaafu gani huyu hata mvi hana. Chekeni. Kazi ile haifanywi tena Tabora nzima, na nisipoandika mimi hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo. Daftari zangu ninazo tatu, kila siku niliandika, kwa hiyo sitegemei kichwa peke yake.

Kituo chetu kilikuwa cha ufundi, kidogo, cha watu binafsi, pembeni ya mji. Mbele kulikuwa na useremala na cherehani. Chumba cha mwisho ndicho kilikuwa cha kozi ya reli, kwa vijana wanaotaka kuja kuomba kazi za stesheni. Chumba chenyewe kilikuwa meza moja kubwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya meza reli ndogo, stesheni mbili za mbao zilizoandikwa TABORA na URAMBO, na vichwa vya treni vya kuchezea vya mtumba. Mkufunzi, yule mzee, alikuwa stesheni masta maisha yake yote. Alistaafu, akakataa kukaa nyumbani, akaijenga ile meza kwa mikono yake.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vile vichwa vinatembea. Wengi wanadhani kichwa kikiwa cha kuchezea basi mtu unacheza. Sikuwahi kucheza.

Vichwa vipya hatukuweza kununua. Meneja wa kituo, mama mmoja mpole lakini mgumu kama jiwe, alinifungulia droo siku ya kwanza, akanionyesha noti zilizokuwamo na kusema, “Hii ndiyo bajeti yako mpaka Krismasi.” Ilikuwa bei ya kuku wawili, na hao kuku wenyewe wembamba. Nikajifunza kununua vichakavu na kuviboresha.

Vichwa hivyo huja kwenye marobota ya mitumba, yale ya midoli. Huko vilikotoka ni vya watu wazima kabisa, wanavitunza kwenye makabati. Kwetu vinamwagwa kwenye turubai pamoja na wanasesere wasio na macho na magari yasiyo na magurudumu. Mjini Tabora wauzaji walishanijua, wananipandishia bei. Kwa hiyo nilikuwa naenda mnadani Ziba, kule wafugaji wanakopeleka ng'ombe, maana wachuuzi wa mitumba wanaufuata mnada.

Mchuuzi wangu mkubwa alikuwa Mama Shija. Ukifika unamsalimia Kisukuma, “Mwangaluka, mama,” anaitika, halafu vita vinaanza.

“Dada wa treni! Leo nimekuwekea dume.”

“Dume gani, hili limekatika mkia.”

“Mkia wa nini, utalichinja?”

“Mkia ndio unashika mabehewa, mama. Bila mkia litavuta nini?”

“Livute wewe, si una mikono.”

Watu wa ng'ombe wanacheka. Mimi nimeshachuchumaa, nimetoa vifaa vyangu. Hapo niwaeleze, maana ndiyo elimu yenyewe.

Mfuko wangu ulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha reli, urefu wa kiganja. Vichwa hivi vina saizi nyingi, na reli yetu upana wake ni milimita kumi na sita na nusu. Magurudumu yasipokaa vizuri kwenye kipande changu, hata kichwa kiwe kizuri kama harusi, nakiacha. Cha pili ni betri ya mraba, ya volti tisa, yenye waya mbili. Nagusisha waya kwenye magurudumu, moja kulia, moja kushoto. Mota ikinguruma, nanunua. Ikinyamaza, nanunua pia ila kwa bei ya maiti, maana mara nyingi ni kaboni tu zimeisha. Ila kabla ya vyote nanusa. Koili, ule waya uliosokotwa ndani ya mota, ikiungua ina harufu ya nywele zilizobabuka kwenye jiko la mkaa. Ukiisikia hiyo, simama, mtakie mama biashara njema.

Nyumbani sasa, yaani mezani, kichwa kinavuliwa ganda. Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota. Nilikuwa naomba kaboni zilizoisha za drili kwa maseremala wa mbele, nazisaga kwa msasa mpaka zinaingia. Springi yake natoa kwenye peni. Kichwa kikiwa chepesi kinaserereka, hakivuti, kwa hiyo nabandika ndani zile risasi wanazobalansia magurudumu ya gari. Mafundi wa pancha wanazitupa tu chini. Magurudumu ya nyuma nayavisha pete za mpira wa valvu ya baiskeli ili yashike reli. Mafuta ni ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano. Niliwahi kumwaga matone mengi nikidhani nakipendelea, kikatema mafuta kwenye reli yote, siku mbili hakuna treni iliyopanda kilima cha Urambo.

Na magurudumu yanafutwa kila asubuhi. Umeme wote unapitia hapo, uchafu ukikaa treni inakufa. Unachukua kitambaa cha pamba, unakilowesha spiriti kidogo, unashika kichwa kama unamwogesha mtoto, unazungusha gurudumu moja moja. Vichwa sita ni saa nzima. Saa nzima, kila siku ya Mungu, miaka minne. Kwenye daftari la pili kuna ukurasa nimeandika sentensi moja tu: “Leo nimefuta magurudumu sabini na mawili.”

Mkufunzi alikuwa na sheria mbili zisizovunjwa. Ya kidole mmeisikia. Ya pili ni ya tokeni. Reli yetu ni ya njia moja, treni mbili haziwezi kupishana katikati. Kwa hiyo kati ya Tabora na Urambo kulikuwa na kipande kimoja cha shaba, kikubwa kama kifuniko cha soda, kimegongwa majina ya stesheni zote mbili. Mwenye nacho ndiye mwenye njia. Dereva haondoki bila kukabidhiwa mkononi, na hakuna treni nyingine inayoingia mpaka akirudishe kwenye sanduku la stesheni, pale Tabora. Hata kama mko wawili tu chumbani. Hata kama kila mtu anaona kwa macho kwamba njia ni nyeupe.

“Mkufunzi, si tunaiona?” nilimuuliza siku moja. “Hakuna kitu pale.”

“Macho yanachoka, binti. Shaba haichoki.”

Alikuwa anaongea hivyo mzee yule, na mimi nilikuwa nachoka na shaba yake, nachoka na dakika zake kumi. Treni ikifa katikati, yeye anakaa kwenye stuli anamsubiri msaidizi atembee. Vijana wa kozi, walikuwa saba, wanapiga miayo. Dereva aliyekwama anaandika karatasi ya kuomba msaada, karatasi inasubiri dakika kumi ndipo stesheni inaipokea, halafu kwa ruhusa ya karatasi hiyo tu, bila tokeni, kichwa cha msaada kinaingia polepole na kumvuta mwenzake. Somo zima limeisha hapo. Mimi ningeitumia saa hiyo kurekebisha vichwa viwili.

Mwaka wa nne ndipo ikaja barua kwamba Mkaguzi anakuja. Meneja alituita ofisini, mimi na Mkufunzi.

“Kozi ya reli haijasajiliwa,” akasema. “Mkaguzi akiridhika, inasajiliwa na vijana wanapewa vyeti. Asiporidhika, nafunga. Chumba kile kinatakiwa kwa kompyuta, nisiwafiche.”

“Anataka kuona nini?” Mkufunzi akauliza.

“Treni itoke Tabora ifike Urambo, irudi, kwa taratibu zote. Ni hivyo tu, Mzee wangu. Safari moja.”

Nje Mkufunzi aliniambia, “Binti, vichwa ni vyako.” Nilijua anachobeba. Vijana saba bila cheti ni vijana saba waliopoteza ada za wazazi wao, mmojawao baba yake aliuza fahali kule Choma. Na yeye mwenyewe bila ile meza alikuwa hana pa kwenda asubuhi.

Nilivifanya vichwa vyote sita upya. Chekundu ndicho kilikuwa bora kwa kukimbia, nilikinunua Ziba bila ganda, nikakichongea ganda la mbao laini na taa ya kiberiti chenye tochi. Cha kijani kilikuwa cha msaada. Hicho nilikipenda kuliko vyote, kizito, kinavuta mabehewa manane bila kuserereka. Nilisema cha kijani kikae Tabora, tayari, ikitokea lolote.

Asubuhi ya ukaguzi pikipiki niliyopanda ikapata pancha. Nikafika mbio, jasho, Mkaguzi ameshafika anakunywa chai kwa Meneja. Vichwa vitano nilivifuta jana yake mchana, chekundu ndicho kilikuwa kimebaki. Kitambaa nakiona, spiriti naiona. Kusema kweli dakika kumi na tano zilikuwepo. Ila mimi na dakika hatuelewani. Pale kwenye sinki kulikuwa na ile waya laini ya kusugulia masufuria. Sisi wote tumelelewa nayo, sufuria ya ugali iliyoungua ukiipiga na waya ile inang'aa kama mpya. Nikaichukua, nikayapiga magurudumu, kwa dakika moja yakang'aa kama meno ya bibi harusi. Nikajisifu.

Niwaambie nyie mtakaokuja kufanya kazi hii popote: msitumie waya ile kamwe. Inakatika vinywele vidogo visivyoonekana. Mota ina sumaku ndani. Sumaku inavivuta vile vinywele kimoja kimoja mpaka vinaunganisha umeme mahali pasipotakiwa, na mota inakufa. Haifi hapo hapo. Inakuacha uondoke stesheni kwanza.

Kijana aliyepangwa kuwa dereva alikuwa amelala na malaria, Mkufunzi akaniambia nishike nafasi yake. Kijana wa Choma alikuwa stesheni masta wa Tabora. Alinikabidhi tokeni mkononi kama inavyotakiwa, akataja jina la njia, nikalirudia. Nikaitia tokeni kwenye mfuko wa aproni. Mkaguzi amesimama pembeni, mtu mnene, mstaarabu, ana karatasi yake ya kutiki. Chekundu kikaondoka na mabehewa matano, taa inawaka, kinapendeza jamani. Nilimuona Mkufunzi amepumua.

Katikati ya njia, mbele ya kile kilima, kikakohoa. Kikaenda kidogo. Kikasimama.

Nilijua papo hapo ni ile waya. Mkaguzi wakati huo ameinamia karatasi yake, anaandika. Kila nilichotakiwa kufanya nilikijua: kuandika karatasi ya msaada, kumpa msaidizi asiyeonekana, kusubiri dakika kumi za saa ya ukutani, na kile cha kijani kingekuja kunivuta. Kilikuwa kimesimama pale Tabora, kimefutwa kwa spiriti, kizima kabisa. Lakini dakika kumi mbele ya Mkaguzi niliziona ndefu kama kiangazi.

Nikakisukuma kwa kidole.

Kidogo tu, kama unavyomgusa mtu bega. Kikanguruma, kikapanda, kikashuka mpaka Urambo. Mkaguzi akainua uso.

“Safi sana,” akasema. “Hakuna tatizo.”

Vijana wakaanza kutabasamu. Mimi sikumtazama mtu. Ndipo nikasikia stuli inavutwa.

“Samahani, Mheshimiwa,” Mkufunzi akasema. “Treni hii ilikufa njiani. Imesukumwa kwa mkono.”



Mkaguzi akamwangalia, akaniangalia. “Mimi sikuona.”

“Mimi nimeona.”

“Mzee wangu, hiki ni kidoli.”

“Ndiyo sababu tunajifunzia hapa, Mheshimiwa. Kwenye treni yenyewe hatutapata nafasi ya kujifunza.”

Meneja alikuwa mlangoni amejishika kichwa. “Mzee, jamani,” akasema kwa sauti ndogo.

Mkufunzi akaomba zoezi lirudiwe mwanzo mpaka mwisho. Mkaguzi akaangalia saa, akasema anatakiwa Igunga kabla ya saa nane, na kwamba kwa alivyoelezwa, na mkufunzi mwenyewe tena, hawezi kuandika kwamba safari imekamilika. Aliandika alichoandika. Alipotoka alimpa Mkufunzi mkono, akaushikilia muda mrefu kidogo. Lakini alishaandika.

Nilisubiri nitukanwe. Natamani ningetukanwa. Mkufunzi alikwenda kwenye chekundu, akakigeuza, akatazama magurudumu yanavyong'aa, akapitisha dole gumba.

“Waya ya masufuria,” akasema.

“Ndiyo.”

“Spiriti ilikuwa imeisha?”

“Hapana. Ilikuwepo.”

Akatikisa kichwa taratibu, akakirudisha chekundu mezani. Akaenda kukaa kwenye stuli yake.

Mwezi ule ule kozi ikafungwa. Vijana walirudishiwa nusu ya ada, kijana wa Choma hakuniaga. Mimi Meneja alinipa mwezi mmoja wa kufunga vitu kwenye maboksi, akanishukuru, akasema nitafute pengine. Sasa hivi natengeneza simu kwenye kibanda mjini. Kaboni, springi ya peni, tone la mafuta kwa sindano, mikono bado inajua. Ila wateja wote wana haraka, wanasimama juu yangu, “dada bado tu?” Nawaangalia, naona sura yangu.

Tokeni niligundua ninayo wiki tatu baada ya kuondoka kituoni, nilipofua aproni. Siku ile hakuna aliyenidai, na safari yangu haikurudi Tabora, kwa hiyo sikuirudisha sandukuni. Nikapanda basi mpaka kwa Mkufunzi, Ulyankulu, kwenye shamba la wazazi wake. Nilimkuta anapukuchua mahindi, amekonda.

“Shikamoo, Mkufunzi.”

“Marahaba, Konsolata. Kaa.”

Nikaitoa tokeni, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakuipokea.

“Mimi si stesheni,” akasema.

“Ile meza imevunjwa, Mkufunzi. Sanduku limechomwa kuni. Nairudisha wapi?”

Akaendelea kupukuchua. Nikadhani hajasikia. Nikakaa chini, nikachukua hindi moja, nikaanza na mimi. Tulimaliza debe zima bila kuongea. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kusubiri jibu bila kuuliza mara mbili.

“Wewe bado uko njiani,” akasema mwishowe. “Umeondoka Tabora, umesukumwa, hujafika. Aliyekwama anakaa na tokeni yake mpaka msaada uje.”

“Utakuja saa ngapi?”

Alicheka kidogo. Mara ya kwanza tangu siku ile.

“Una haraka,” akasema, akanisogezea debe la pili.

Iko hapa kibandani, kwenye droo ya bisibisi. Nimechoka kuiona, na kuitupa siwezi. Cha kijani pia ninacho, Meneja alinipa kama kiinua mgongo. Asubuhi kabla sijafungua kibanda nachukua kitambaa na spiriti, nafuta magurudumu yake kumi na mawili, moja moja. Sina reli ya kukiweka. Nafuta tu, polepole, mpaka la mwisho, halafu ndiyo nafungua mlango.